Utando wa atomu tatu: Mvuke hutua au huota?

MFASIRI yeyote aliyewahi kukabidhiwa habari kuhusu viwanda vya chipu za kompyuta anaujua mtego huu. Linajitokeza jina la Kiingereza lenye maneno matatu: la kwanza linahusu kemia, la pili mvuke, la tatu kitendo cha kitu kutua au kuwekwa mahali. Anayapanga kwa Kiswahili, anapata "utuaji wa mvuke wa kikemia", anaweka nukta na kusonga mbele. Sarufi iko sawa, na mhariri hana la kusema. Lakini msomaji ameambiwa nini hasa? Kilicho cha kikemia hapo ni kipi, mvuke au utuaji? Kiingereza nacho kina utata huo, ila sisi tungetarajia upatanisho wa ngeli utusaidie, nao hausaidii kitu. Utuaji na mvuke ni nomino za ngeli tofauti, lakini katika umoja zote mbili huchukua "wa". Lau moja ingekuwa ya ngeli ya KI-VI, tungejua mara moja nani anasifiwa.

Huenda mtu akasema hayo ni mambo ya walimu wa sarufi. Si kweli. Tangu Mei 2024, Rais William Ruto alipozuru Washington na semikondakta zikatajwa katika mambo ya ushirikiano baina ya Kenya na Marekani, neno hilo limezoeleka katika taarifa za habari. Mjini Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni inayojishughulisha na vifaa hivyo. Kijana anayesoma habari hizi kwa Kiswahili hujenga picha kichwani kutokana na neno alilopewa. Akipewa neno la kutua, ataona vumbi likishuka juu ya meza. Na hicho sicho kinachotokea.

Tukiangalie kitu chenyewe kwanza, kisha turudi kwenye jina.

Kuna mawe na madini ambayo yamejengwa kwa matabaka, kama chapati iliyosukumwa vizuri ambayo ukiivuta kwa vidole inaachana karatasi kwa karatasi. Kiswahili kina jina la zamani la mojawapo: ulanga, lile jiwe linalong'aa na kubanduka vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga. Grafiti iliyo ndani ya penseli ni ya jamii hiyo pia. Ukiandika, matabaka yanateleza juu ya mengine na kubaki kwenye karatasi. Ndani ya tabaka moja atomu zimeshikana kwa nguvu sana. Baina ya tabaka na tabaka zimeshikana kwa unyonge, kwa nguvu zinazoitwa kwa jina la Johannes van der Waals, mwanafizikia Mholanzi aliyetuzwa Nobel mwaka wa 1910.

Mwaka wa 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walitangaza kwamba wameambua grafiti kwa selotepu, wakarudia na kurudia, mpaka wakabaki na tabaka moja tu la atomu za kaboni. Ndiyo, selotepu hii hii ya kufungia vifurushi. Tabaka hilo ndilo grafini, na mwaka wa 2010 likawapatia Nobel ya fizikia. Grafini ina sifa nyingi, lakini ina dosari moja kubwa kwa mtu wa kompyuta: haizimiki. Umeme hupita humo kila wakati, na swichi isiyozimika si swichi.

Hapo ndipo watafiti walipogeukia jamaa wengine wa ukoo huo. Anayefahamika zaidi ni molibdenamu disalfaidi. Tabaka lake moja ni ghorofa tatu za atomu: salfa chini, molibdenamu katikati, salfa juu. Unene wake ni kama nanomita 0.65. Ili kufikia unene wa karatasi moja ya gazeti ungehitaji kurundika matabaka kama hayo takriban laki moja. Si kitu kigeni duniani. Huchimbwa ardhini kama madini ya kijivu, na mafundi wa mitambo wameitumia kwa miaka mingi kama kilainishi kikavu, kwa sababu ile ile ya matabaka kuteleza. Kumbe mle ndani ya unga wa kulainishia vyuma mlikuwa na semikondakta.

Neno hili semikondakta nalo lina kesi yake. Wapo wanaopendelea "nusukipitishi", kwa kuwa tayari tuna kipitishi na kihami katika sayansi ya shule. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu si mapenzi ya ukopaji. Ukisema nusukipitishi, msikilizaji anaelewa kitu kinachopitisha umeme kwa nusu, yaani kipitishi dhaifu. Maji ya kisima yanapitisha umeme kwa udhaifu, lakini hakuna anayetengeneza simu kwa maji ya kisima. Semikondakta ni kitu ambacho upitishaji wake unaweza kuuamuru. Ukikitia volti kidogo pembeni kinafungua njia, ukiiondoa kinafunga. Udhaifu si sifa yake, utiifu ndio sifa yake. Kiingereza chenyewe kilikosea hapo kwa kuweka kiambishi cha nusu mbele, lakini kosa hilo linapokuja kwetu likiwa ndani ya mkopo halionekani, na afadhali lisionekane kuliko kulitafsiri na kulipa uhai mpya.

Turudi kwenye tabaka letu. Mwaka wa 2010 watafiti wa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Columbia na kule Berkeley, waligundua jambo ambalo hata leo linashangaza ukilifikiria. Kipande kinene cha molibdenamu disalfaidi kikimulikwa hakirudishi mwanga wake chenyewe ila kwa shida sana. Kikipunguzwa mpaka tabaka moja, kinang'aa rangi nyekundu waziwazi. Atomu ni zile zile na mpangilio ni ule ule, lakini kuwa peke yake kumebadilisha tabia ya elektroni zilizomo. Mwaka uliofuata kikundi cha Andras Kis mjini Lausanne, Uswisi, kilitengeneza transista kwa tabaka moja la namna hiyo. Tofauti ya umeme baina ya kuwashwa na kuzimwa ilifika mara milioni 100. Swichi inayozimika ilikuwa imepatikana.

Kwa nini mtu ahangaike na wembamba huo ilhali silikoni ipo? Kwa sababu silikoni haipendi kukondeshwa. Ukiipunguza mpaka nanomita chache, uso wake unajaa atomu zilizokatwa mikono, zisizo na wa kushikana naye, na elektroni hujikwaa hapo. Tabaka la molibdenamu disalfaidi limezaliwa likiwa jembamba. Uso wake umefungwa kwa salfa, hakuna mkono unaoning'inia.

Shida ni kwamba selotepu haijengi kiwanda. Kinachobaki baada ya kuambua ni vipande vidogo visivyoonekana bila hadubini, kila kimoja na umbo lake, mahali pake, na unene wake. Mtafiti hutumia siku nzima kusaka kimoja kizuri. Transista moja unaweza kuitengeneza hivyo ukaandika makala ukasifiwa, lakini kompyuta inahitaji mabilioni. Ilibidi tabaka hilo lioteshwe papo hapo linapotakiwa.

Na tanuri la kuotesha si kitu cha kutisha. Ni bomba la kioo cha kwatzi, mara nyingi lenye upana wa sentimita chache tu, lililopita katikati ya jiko la umeme. Gesi isiyopenda kuchanganyika na chochote, kama vile agoni au nitrojeni, huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, ikisukuma hewa nje na kubeba kila kitakachokuwa mvuke. Kwenye mwanzo wa bomba, nje kidogo ya joto kali, huwekwa salfa ya unga. Katikati huwekwa oksaidi ya molibdenamu, nayo ni unga pia, ndani ya kichombo cha kauri kirefu ambacho watafiti hukiita mashua (kwa umbo lake ningesema kihori). Juu ya kihori hicho au mbele yake kidogo hulazwa kisahani cha silikoni kilichosafishwa vizuri, uso wake ukiwa na ngozi nyembamba ya kioo.

Joto likipanda, kila unga una saa yake. Salfa huyeyuka kwenye nyuzi 115 hivi za selsiasi na kufikia 200 tayari inatoa mvuke wa kutosha. Oksaidi ya molibdenamu huhitaji kati ya nyuzi 650 na 800. Ustadi wote wa mpishi uko hapo, katika kuhakikisha mivuke miwili inakutana kwa wakati na kwa kipimo. Salfa ikichelewa, oksaidi inajipanga yenyewe na unapata vijiti na uchafu. Ikiwahi sana, inaifunika oksaidi ndani ya kihori kabla haijaruka, na kisahani kinabaki mtupu. Dakika 10 au 20 za moto wa juu hutosha, kisha jiko huachwa lipoe. Mkaazi wa Naivasha aliyewahi kupita karibu na visima vya mvuke vya Olkaria anaijua harufu ya mayai viza inayoweza kutokea salfa inapokutana na haidrojeni. Ni gesi ya sumu, na ndiyo sababu mwisho wa bomba lazima uwe na mtego wa kuisafisha.

Sasa tuangalie juu ya kisahani. Molekuli zinazofika hapo hazitulii zilipoangukia. Zinatembea. Nyingine huchoka na kurudi hewani. Nyingine hukutana na salfa, zikamenyuka, oksijeni ikaondoka, na kitu kipya kikazaliwa ambacho hakikuwa salfa wala oksaidi. Wachache wakikusanyika mahali pamoja, pengine kwenye kovu dogo la uso au kwenye chembe ya uchafu, panakuwa na kiini. Kuanzia hapo kila mgeni anayepita hupendelea kushika ukingo wa kiini hicho kuliko kukaa peke yake uwanjani. Kiini kinapanuka pembeni, hakipandi juu, na umbo lake huwa pembetatu. Ukikitoa kisahani na kukiweka chini ya hadubini ya kawaida unaona pembetatu za rangi tofauti kidogo na uwanja, zimetawanyika kama bendera za sherehe. Ajabu ni kuwa unene wa atomu tatu unaonekana kwa macho hivyo. Siri iko kwenye ile ngozi ya kioo. Ikiwa na unene wa nanomita 300 hivi, mwanga unaorudi kutoka juu na chini yake hugongana kwa namna inayolifichua hata tabaka moja.

Je, kitendo hiki tukiiteje?

Mazingira yetu yana mifano mitatu ya mvuke kuacha kitu juu ya uso, na kila mmoja una jina. Umande ni mvuke uliogeuka maji. Sakitu, ambayo wengine huiita jalidi, ni ule umande wa barafu unaounguza majani ya chai nyanda za juu usiku wa baridi kali. Mvuke hapo umeruka hatua ya maji ukawa fuwele moja kwa moja. Masizi ni ule weusi wa makalio ya sufuria. Moshi wa kuni umevunjika kwa joto na kuacha kaboni. Ukiyatazama haya matatu kwa makini utaona yametofautiana kwa mambo mawili. Umande na sakitu havina kemia ndani yake, maji yameingia yakiwa maji na yatatoka yakiwa maji. Masizi yana kemia, kwa kuwa kilichoganda kwenye sufuria si kile kilichokuwa ndani ya kuni. Upande wa pili, sakitu ina mpangilio, kila ncha ya barafu ni fuwele, lakini masizi ni fujo tupu.

Kinachofanyika ndani ya bomba la kwatzi kimechukua kemia ya masizi na mpangilio wa sakitu. Hapo ndipo lilipo jambo lote, na hapo ndipo neno "utuaji" linapoteleza. Ndege hutua, mzigo hutuliwa, vumbi hutua. Kinachotua ni kile kile kilichokuwa juu. Afadhali hata "kutua" kuliko "kutuama" ninalolisikia pia, maana kinachotuama ni maji ya dimbwi na mashapo ya chini ya mtungi. Pembetatu zetu hazikuwepo hewani. Zimetengenezwa pale pale juu ya kisahani, na zimekua kuanzia mahali pamoja kwenda nje. Kiswahili kina kitenzi cha kitu kinachoanza kidogo mahali kilipopandwa, kikala kinacholetwa na mazingira, na kupanuka kwa umbo la kizazi chake. Kitenzi hicho ni kuota.

Najua kuota kuna wenzake. Mtu huota ndoto, huota moto, huota jua. Lakini kikinyambuliwa kuwa kuotesha, utata unakwisha, kwa sababu hakuna anayeotesha ndoto. Wataalamu wenyewe, wakiwa mbali na vyeo vya makala zao, huzungumza kama wakulima: wana mbegu, wana kuchipuka, wana kukua. Watafiti wa Taiwan waliochapisha mwaka wa 2012 mojawapo ya mapishi ya kwanza ya aina niliyoieleza walipaka kwanza uso wa kisahani molekuli za kikaboni ili ziwe mbegu. Kiingereza kinapolazimika kutofautisha hatua ya kiini kutokea na hatua ya kiini kupanuka hukimbilia neno la Kilatini kwa hatua ya kwanza. Sisi hatuna haja hiyo. Tuna kuchipuka na tuna kukua, na mwanafunzi wa darasa la nne anajua kipi kinatangulia.

Lugha ya shamba inafaa hata kwa kuelewa matatizo. Mbegu zikiwa nyingi mno kwenye kitalu, miche inabanana na kudumaa. Hapa pia viini vikiwa vingi unapata pembetatu ndogo ndogo. Vikiwa vichache zinakua kubwa. Na kwa kuwa kila moja imechipuka ikielekea kwake, zinapokutana hazilingani, unabaki mshono. Mwaka wa 2013 watafiti wa Columbia na wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, walionyesha mishono hiyo kwa kina, wakaona safu za atomu zisizopangika vizuri ambazo hubadilisha upitaji wa umeme. (Wapo watakaotaka tuseme "mpaka wa punje", tafsiri ya moja kwa moja. Mshono unatosha, na unaeleza vizuri zaidi, kwa kuwa ni mahali ambapo vipande viwili vya kitambaa kimoja vimeungana.) Dawa inayofuatwa sana siku hizi ni kubadilisha shamba. Badala ya kioo, ambacho atomu zake hazina mpango, hutumika fuwele ya yakuti samawi. Safu za atomu zake huziongoza pembetatu zielekee upande mmoja, kama mtu aliyepanda kwa kamba. Zikikutana zinaungana bila mshono, au kwa mishono michache. Wengine wametumia ulanga kuwa shamba, kwa kuwa uso wake ni laini mno na haushiki kwa nguvu kinachoota juu yake.

Kuna kisa cha chumvi ambacho siwezi kukiacha. Metali nyingi za ukoo wa molibdenamu zina oksaidi ngumu, hazitaki kuwa mvuke hata ukichochea moto namna gani. Mwaka wa 2018 watafiti wa Singapore na wenzao walionyesha kwamba ukichanganya unga huo na chumvi, hata hii chumvi ya kawaida ya mezani, mchanganyiko huyeyuka kwa joto la chini zaidi na kutoa misombo inayoruka kirahisi. Kwa njia hiyo waliotesha aina 47 za matabaka, nyingi zikiwa hazijawahi kuoteshwa hivyo kabla. Chumvi ya jikoni! Lakini usikimbilie kusherehekea. Sodiamu iliyo ndani ya chumvi ni adui wa zamani wa viwanda vya chipu, kwa kuwa hupenya kwenye vihami na kuharibu tabia za transista. Kinachofaa maabara si lazima kifae kiwandani.

Kiwanda kinataka jambo lingine pia: kudhibiti. Kupika kwa unga ni kama kupika kwa kuni. Moto upo, lakini kuupunguza kidogo tu ni kazi. Unga unapungua kadiri unavyoruka, na mvuke wa dakika ya kwanza si wa dakika ya kumi. Kikundi cha Jiwoong Park katika Chuo Kikuu cha Cornell kilihamia kwenye jiko la gesi, tuseme. Vitangulizi vyote viliingia vikiwa mvuke tayari, kila kimoja na valvu yake, kwa kipimo kidogo mno. Mwaka wa 2015 kilitangaza utando uliofunika kisahani kizima cha inchi 4, yaani kama sentimita 10, tabaka moja kila mahali. Iliwachukua saa 26 kwa nyuzi 550. Mtu aliyezoea viwanda atakunja uso akisikia saa 26, na ana haki. Lakini waliotaka kujua kama jambo lenyewe linawezekana walipata jibu.

Nimetumia neno utando, na nalo lisemewe kidogo, kwa sababu tunalichanganya na tabaka kila siku. Tabaka ni moja kati ya yale yaliyolaliana. Utando ni kitu kizima kilichofunika uso, kiwe cha tabaka moja au ishirini. Basi unaweza kuwa na utando wa tabaka moja, na huwezi kuwa na tabaka la tando nyingi. Ukoga haufai, maana una harufu ya uchafu wa meno na kutu ya shaba. Utandu, wenye irabu ya "u" mwishoni, tuwaachie wapishi wa wali na sufuria zao.

Je, tulitupe kabisa neno utuaji? La. Mbinu hii ya mvuke na kemia ni pana kuliko fuwele zetu. Viwandani hutumika pia kufunika vyuma vya kukatia kwa ngozi ngumu, na kulaza tando za kihami ambazo atomu zake hazina mpango wowote. Huko hakuna kinachoota, hakuna mbegu, hakuna umbo la kizazi. Kwa jina la jumla ningekubali "utuaji wa kikemia wa mvuke", sifa ikisogezwa karibu na nomino yake ili ule utata wa "wa" upungue. Utatofautiana basi na utuaji wa kifizikia, ambao ndio wa aina ya sakitu. Lakini habari inapohusu fuwele za tabaka moja, mwandishi aandike "kuotesha utando kwa mvuke". Ni maneno manne kwa matano, na la pili linaonekana machoni. Wala tusiweke "kukuza" mahali pa kuotesha. Hadubini hukuza na mkopo hukuza biashara, vyote vikianza na kitu kilichopo.

Kuhusu umbali uliofikiwa, mwaka wa 2017 watafiti wa Vienna, Austria, walitengeneza kichakataji cha transista 115 za molibdenamu disalfaidi. Mwaka wa 2025 Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, kilitangaza chenye transista 5,900. Ndani ya simu iliyo mfukoni mwako kuna mabilioni ya transista za silikoni, kwa hiyo hakuna sababu ya kuandika kwamba silikoni imepata mrithi, ingawa vichwa vya habari vya namna hiyo havikosekani. Salfa zinazokosekana hapa na pale kwenye tabaka bado huacha mashimo. Kuunganisha waya wa metali na kitu chenye unene wa atomu tatu bila kukijeruhi ni taabu. Na joto ndilo kikwazo kikubwa. Chipu ambayo tayari ina nyaya zake huanza kuharibika ikipita nyuzi 400 na kitu, ilhali uoteshaji mzuri bado unataka zaidi ya hapo.

Njia wanayoizunguka nayo kwa sasa ni kuotesha mahali pengine, kisha kuhamisha. Utando hufunikwa kwa plastiki laini, maji yakapenya chini yake, ukabanduka na kuelea. Tunasema kubanduka kwa kuwa ulikuwa umegandamana na uso. Kuambua ni kwa kitu kinachotolewa ganda lake chenyewe, kama walivyofanya watu wa selotepu, na kumenya tuwaachie wenye ndizi. Ukishaelea, hukingwa kutoka chini kwa chipu inayousubiri na kushushwa juu yake taratibu, plastiki ikayeyushwa baadaye. Hapo kweli utando umetua, ukiwa umekwisha kuota. Mara nyingi hutua na mikunjo, vipovu vya maji na mabaki ya plastiki ile. Ndiyo maana maabara kadhaa sasa zinatafuta vitangulizi vinavyomenyuka kwa joto la chini, ili shamba na chipu viwe mahali pamoja.